Vitamini A, D, E na K: Maswali na Majibu kwa Jikoni za Mombasa

Kwa nini vitamini hizi nne huwekwa fungu moja?

Kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Utumbo huzipokea pamoja na mafuta ya chakula, nyongo ikisaidia. Ukila mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, mwili wako utapata sehemu ndogo ya vitamini A iliyomo. Zikishaingia, hasa A na D, huwekwa akiba kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili. Ndiyo maana upungufu huchelewa kujitokeza, na zikizidi hazitoki upesi kwa mkojo.

Basi tui la nazi lina vitamini hizi?

Hapana. Tui halina vitamini A wala D ya kutajika. Kazi yake ni kuzipitisha zile za mboga. Wala huhitaji kumimina kasimile sufuria nzima: kijiko kidogo cha mafuta kwa kila sahani kinatosha. Kisamvu cha nazi cha bibi zetu ni lishe bora, na nasikitika kuona watu wakikiacha wakidhani ni chakula cha kimaskini.

Mwanangu wa miaka mitatu hujikwaa jua likishatua, ilhali mchana anaona vizuri. Ni nini?

Huenda akawa amepungukiwa na vitamini A. Kutoona kwenye mwanga hafifu ndiyo dalili ya mapema. Baadaye jicho hukauka, madoa meupe kama povu hutokea kando ya mboni, na mwisho kioo cha jicho huweza kupata vidonda na mtoto akapofuka. Vitamini hii pia hulinda ngozi na kinga ya mwili. Surua humwandama vibaya mtoto aliyepungukiwa nayo. Mpeleke kliniki leo, usingoje.

Kwa kinga, kila miezi sita kuanzia umri wa miezi 6 hadi miaka 5, mtoto hupewa vitamini A bila malipo kwenye vituo vya afya vya serikali. Muuguzi hukata ncha ya kidonge na kumkamulia mtoto kinywani: cha bluu kina yuniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka, chekundu 200,000 kwa waliotimiza mwaka. Nyumbani, nunua maembe, papai, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa pale Kongowea au Marikiti. Mayai na maini yana vitamini A iliyo tayari kutumika.

Mombasa jua ni kali hivi. Matege yatoke wapi?

Yanatoka kwenye kivuli. Matege huletwa na upungufu wa vitamini D, inayoimarisha mifupa, nayo hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua lenyewe. Jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halifai kwa kazi hii. Mtoto anayelelewa ndani ya fleti au chumba cha uchochoroni, mama anayeshinda ndani na akitoka amejifunika, mzee asiyeshuka ngazi, wote wanaweza kupungukiwa hapahapa pwani. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Wengi huwaota watoto jua la saa moja asubuhi. Ni la upole, lakini miale inayotengeneza vitamini D bado ni michache mno. Kuanzia kama saa nne ndipo inapofaa, kwa dakika chache, bila kumwacha mtoto aungue. Mama, mikono na miguu ikiwa wazi uani au juu ya nyumba inatosha. Si lazima ubadili mavazi ya barabarani. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, hivyo muulize daktari kuhusu matone ya mtoto mchanga. Kipimo cha kawaida ni yuniti 400 kwa siku.

Miguu iliyopinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi hujinyoosha. Wasiwasi ni ikizidi kupinda, vifundo vya mikono vikivimba, au utosi ukichelewa kufunga. Watu wazima huumwa mifupa na misuli hulegea. Kwa chakula, kula vibua, dagaa na kiini cha yai.

Na vitamini E?

Huzilinda seli zisiharibiwe. Upungufu wake ni nadra. Karanga, korosho na mafuta ya alizeti vinatosha.

Kwa nini mtoto wangu alidungwa sindano ya paja alipozaliwa?

Ilikuwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, na bila sindano anaweza kuvuja damu hata kwenye ubongo. Usiikatae. Wakubwa huipata kwenye mchicha, sukuma wiki na kabeji. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asiache mboga za majani wala kuzizidisha ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki na amwambie daktari.

Ninunue vidonge dukani ili nijihami?

Bila kupimwa, la. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Vitamini A ikizidi huleta maumivu ya kichwa, kutapika na madhara ya ini. Mjamzito ajihadhari zaidi, kwa kuwa A nyingi ya vidonge au ya maini ya kila siku huweza kumlemaza mtoto tumboni. Maembe na karoti hazina hatari hiyo.