Seli kuacha ubobezi si kugeuka seli shina

Siku hizi kila makala ya afya ikigusia seli kurudi nyuma, haikosi kusema kwamba seli hiyo "imekuwa seli shina na sasa inaweza kuwa chochote". Sivyo. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu na inaweza kuzaa seli za aina nyingine. Dedifarensiesheni ni pale seli iliyokwisha kubobea, yaani kushika kazi maalumu kama ya misuli au ngozi, inapopunguza au kuacha ubobezi wake, mara nyingi ili iweze kugawanyika tena. Jeni zake zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Mchukue samaki pundamilia. Akikatwa karibu asilimia 20 ya ventrikali ya moyo (chemba inayosukuma damu), baada ya miezi miwili hivi pengo limejaa misuli mipya. Tafiti za 2010 zilionyesha kwamba misuli hiyo haitokani na seli shina zilizojificha mahali. Inatokana na seli za misuli ya moyo zilizokuwapo tayari. Seli hizo huvunjavunja nyuzi zao za kudundia, swichi za jeni ya gata4, inayohusika na ukuaji wa moyo, huwashwa, zikagawanyika, kisha zikajenga nyuzi upya. Muda wote huo ni seli za moyo. Hakuna iliyopitia njia ya kuwa ini au ngozi.

Wengi wanachokifikiria ni kazi ya Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka wa Kyoto. Mwaka 2006 waliingiza jeni nne, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, katika fibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya. Hizo ndizo zilizorudi hadi hali inayofanana na ya seli za kiinitete, na zikidungwa kwenye mwili wa panya huota uvimbe wenye tishu za kila namna. Moyo ukijiponya kwa njia hiyo, ni hatari tupu!

Tena kuacha ubobezi si heri kila mara. Mwaka 2012, panya walioondolewa jeni ya FoxO1 katika seli za beta za kongosho walipata kisukari, na seli nyingi hazikufa kama ilivyodhaniwa. Ziliacha kutengeneza insulini, zikawasha Neurogenin3, jeni ya seli changa zinazotangulia seli za beta. Zilikuwa hai, ila kazi yao hazifanyi.

Basi ndugu mwandishi, ukimwandika samaki huyo, sema tu kwamba seli zake za moyo zimerudi hatua chache na kugawanyika. Inatosha, na ni sahihi.