Historia ya mwanga: kwa nini taa ileile ya usiku haimgusi kila mtu sawa

Saa tatu usiku, watu wawili wameketi chini ya taa moja. Mmoja ameshinda nje juani, mwenzake ameshinda ndani, mapazia yamefungwa. Ukiwapima mate, yaelekea melatonini ya huyu wa ndani ndiyo iliyobanwa zaidi na taa ile. Melatonini ni homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia, kuuarifu mwili kwamba usiku umefika, mwanga huizuia. Izuie kwa kiasi gani? Hapo ndipo inapoingia historia ya mwanga, yaani jumla ya mwanga uliopokewa na macho katika saa, au hata siku, zilizotangulia.

Usichanganye jambo hili na kule kupofuka kidogo unapotoka gizani ukakutana na jua. Hilo huisha kwa dakika chache. Hapa tunazungumzia saa ya mwili, inayopata habari zake kutoka kwa seli chache za retina, utando ulio nyuma ya jicho, zenye melanopsini, kemikali inayoitikia zaidi mwanga wa samawati. Saa hiyo haipimi taa peke yake, huipima kwa kuilinganisha na mchana uliopita.

Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2004, watu walikaa siku tatu kwenye mwanga wa luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na wakati mwingine siku tatu kwenye nusu luksi tu, karibu na giza. Kisha usiku wakawashiwa luksi 200 zilezile. Melatonini ilishuka zaidi baada ya zile siku za giza.

Shida ni kwamba macho yetu ni mashahidi wabaya. Mboni hupanuka, tukaona chumba kina mwanga wa kutosha, kumbe ni luksi 300 hivi, ilhali nje, hata mawingu yakitanda, luksi hupita 1,000 bila taabu, na jua la adhuhuri hukaribia 100,000.

Uppsala, Uswidi, mwaka 2016, vijana waliokaa saa sita na nusu kwenye takriban luksi 570 walisoma kishikwambi kwa saa mbili jioni, na melatonini yao haikutofautiana na siku waliyosoma kitabu cha karatasi. Wapenda simu wasishangilie mapema: kioo cha kishikwambi ni mwanga hafifu, na taa kali ya dari ni habari nyingine.