Haramia mwenye kibali ni mtu gani hasa?

Neno haramia lenyewe linajieleza, haramu imo humohumo ndani, yani mtu anayekula cha haramu baharini. Sasa utamwitaje mtu anayefanya kazi hiyohiyo, kwa mizinga na mapanga yaleyale, ila ana karatasi yenye muhuri wa mfalme inayomwambia we teka tu? Wazungu wa zama za matanga walikuwa na jina lake kabisa, mi nitamwita haramia mwenye kibali.

Mchongo ulikuwa hivi. Kuna vita, mfalme hana meli za kutosha, basi matajiri wanachanga, wanaunda chombo chao, wanatafuta nahodha na mabaharia, mfalme anawapa hati ya kuteka meli za biashara za adui. Za adui tu, hapo ndo pagumu. Ukishateka unaipeleka meli kwenye mahakama maalum, karatasi zake zinakaguliwa, wakiona kweli ni ya adui inauzwa na shehena yake halafu watu wanagawana, mfalme akiwa na fungu lake. Mabaharia wengi walikuwa hawana mshahara, ni mgao tu, kwahiyo miezi ikipita hamjakamata kitu watu wanaanza kumwangalia nahodha vibaya.

Na hapo ndo alipokwama William Kidd, Mskoti aliyekuwa anaishi New York, tena mtu mzima mwenye mke na nyumba yake. Alipewa hati mbili na mfalme William wa Tatu, moja ya kuteka meli za Wafaransa, nyingine ya kukamata maharamia (ndio, alitumwa kukamata maharamia). Nyuma yake kulikuwa na mabwana wakubwa wa Uingereza waliotoa hela. Akaondoka London 1696 na Adventure Galley, mizinga 34, ina matanga na makasia pia, akazunguka Afrika mpaka Madagaska, akafika na Komoro hapa jirani. Pale kisiwa cha Mwali wakapandisha meli ufukweni kuikwangua, ugonjwa ukaingia, watu kama 50 wakafa.

Mwaka ukapita, cha maana hakuna. Watu wananuna, mtu wa mizinga mmoja anaitwa William Moore akajibizana naye pale sitahani, Kidd kwa hasira akaokota ndoo ya mbao yenye pete za chuma akambamiza nayo kichwani, kesho yake Moore kafa. Hiyo ni Oktoba 1697.

Januari 1698 ndo akapata meli yenyewe, Quedagh Merchant, imejaa hariri, melimeli, sukari. Kidd alipandisha bendera ya Ufaransa kama mtego, na wale wakaingia, wakatoa pasi ya Kifaransa, yani hati ya kuruhusiwa kupita, wakidhani wamekutana na Wafaransa, siku hizo meli za biashara zilikuwa zinabeba pasi za mataifa tofauti, unatoa inayolingana na aliyekusimamisha. Kwa Kidd hesabu imeisha, pasi ya Kifaransa maana yake meli halali yake. Ila nahodha wa ile meli alikuwa Mwingereza, na sehemu ya mzigo ilikuwa ya mkubwa mmoja wa Kihindi kwenye ufalme wa Mughal, ambako kampuni ya Waingereza ilikuwa inafanya biashara kwa kubembeleza. Huko India ikawa zogo, na London wakaona dawa ni kumtosa Kidd.

Kurudi Marekani anakuta keshatangazwa haramia. Akafukia sehemu ya mali kisiwa cha Gardiners, hizo hadithi zote za hazina iliyozikwa zimeshiba sana hapo, kisha akaenda Boston akiamini gavana Bellomont atamtetea kwa sababu naye alikuwa mmoja wa waliomchangia, na zile pasi akamkabidhi yeye. Bellomont akamfunga.

Kesi ikasikilizwa London 1701, mauaji ya Moore na uharamia. Utetezi wake wote ulisimama kwenye pasi za Kifaransa, akaziomba, zikawa hazionekani. Mei 23 wakamnyonga pale Wapping, kamba ya kwanza ikakatika, wakampandisha tena, maiti ikatundikwa kando ya mto Thames ili mabaharia wanaopita waione.

Vibali vyenyewe vilikuja kupigwa marufuku na azimio la Paris la 1856. Na pasi za Kidd zikapatikana mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa London muda wote, kwenye nyaraka za serikali.