Kingamwili ya MPT64 na kipimo cha damu cha TB si kitu kimoja

Makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu (TB) yakioteshwa maabara na bakteria wakaota, kazi bado haijaisha. Wapo bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu wanaoishi kwenye maji na udongo. Nao huota katika chupa zilezile na kushika rangi ileile chini ya hadubini, ila dawa zao ni nyingine. Lazima tujue aliyeota ni yupi.

Hapo ndipo tunapoihitaji kingamwili (protini ya kinga ya mwili inayonasa kitu kimoja mahususi) dhidi ya MPT64. MPT64 ni protini ndogo, yenye uzito wa kilodaltoni 24 hivi, ambayo bakteria wa kifua kikuu huitoa nje anapokua. Wale wa maji na udongo kwa kawaida hawana. Mtaalamu hudondosha majimaji ya chupa kwenye utepe wenye kingamwili hiyo, na ndani ya dakika 15 mstari wa rangi hujitokeza iwapo protini imenaswa. Kwa ugonjwa ambao kuotesha vimelea vyake huchukua wiki kadhaa, dakika hizo ni neema.

Kuipata kingamwili yenyewe si kazi ndogo. Panya hudungwa protini iliyosafishwa, si bakteria hai. Baadaye seli za wengu wake zinazotoa kingamwili huunganishwa na seli za saratani, ambazo hugawanyika bila kikomo. Seli mseto iliyochaguliwa huendelea kutoa kingamwili ya aina moja tu. Njia hiyo waliibuni Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984.

Mstari usipotokea, hatukimbilii kuandika kwamba si TB. Baadhi ya bakteria wa kifua kikuu wana jeni ya MPT64 iliyobadilika, hivyo kingamwili huwapita bila kuwashika. Tunathibitisha kwa kipimo cha vinasaba.

Sasa niseme linalonisumbua zaidi. Watu huuziwa vipimo vya damu ya kidole vinavyodai kugundua TB kwa kutafuta kingamwili. Huko mambo yamegeuzwa. Maabara, kingamwili ni chombo cha kumnasa bakteria. Katika vipimo hivyo, kinachotafutwa ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Mtu anaweza kuwa nazo kutokana na maambukizi yaliyolala au bakteria wa udongo, bila kuumwa TB. Mwenye VVU naye anaweza kuwa mgonjwa mahututi huku mwili wake ukishindwa kuzitengeneza za kutosha. Ndiyo maana Julai 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tamko dhidi ya kuvitumia kugundua ugonjwa wa TB. Vipimo vya damu vya kutafuta maambukizi yaliyolala ni habari nyingine, navyo havitegemei kingamwili za mgonjwa.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukatokwa jasho usiku au kupungua uzito, peleka makohozi kituoni. Tanzania, uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma ni bure.