Je, wajua kwa nini injini iliyofungwa upya inavuja oili kwenye tapeti kava, lile kava linalofunika kichwa cha injini (hedi), ikishapanda mlima Kitonga wa Iringa?

Gari imetoka ovahoo juzi tu, pistoni mpya, ringi mpya, turbo imeongezwa upepo, gasketi ya tapeti kava haijakaa hata mwezi, na hapa Mbeya mjini inazunguka Mwanjelwa, Soweto mpaka Uyole iko kavu kabisa. Siku ikienda Dar, wakati wa kurudi ikamaliza kupanda Kitonga, ukisimama Ilula ukafungua boneti unakuta hedi imelowa pembeni yote, oili imedondokea ekzosi inafuka moshi na harufu imeingia mpaka ndani kwa abiria. Unampigia fundi, anakwambia hiyo gasketi ilikuwa feki, inafungwa nyingine na safari hii inapakwa silikoni ya kutosha, safari inayofuata yaleyale. Hii kitu naiona sana huku nyanda za juu kusini na inaniuma kweli, maana mtu ametoa hela nyingi kwenye injini yake alafu anauziwa gasketi ya tatu wakati ugonjwa mara nyingi hauko kwenye gasketi.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawakijui: tapeti kava haipokei presha ya pampu ya oili hata kidogo. Presha ya pampu inapita kwenye njia zake ndani ya bloku na hedi, inafika kwenye bearingi za kamshafti, ikishatoka pale inarushwa tu na kuteremka yenyewe kwenye matundu ya kurudi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kazi ya kava ni kuzuia marusho hayo yasitoke nje. Ndo maana gasketi yake ni raba laini na bolti zake zinakazwa kwa nguvu ndogo mno, kwenye injini nyingi ni kati ya Nm 5 na 12 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati nati ya tairi ya gari dogo inaenda karibu Nm 100. Sasa kama hakuna presha ya pampu pale juu, nini kinaisukuma oili itoke nje?

Ni upepo. Kila mlipuko unapotokea juu ya pistoni, gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia chini kwenye chumba cha krankishafti, hata kwenye injini nzima kabisa, hiyo haikwepeki. Chumba cha chini na nafasi iliyo chini ya tapeti kava vimeunganishwa kwa yale matundu ya kurudisha oili, kwa hiyo upepo ukijaa chini umejaa na juu. Watengenezaji wanaujua huu upepo ndo maana wakaweka njia mbili za kuutoa. Ya kwanza ni valvu ya PCV inayounganisha injini na manifodi ya hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), ya pili ni mpira wa briza unaotoka kwenye kava kwenda kwenye bomba la hewa baada ya eakilina, na kwenye gari ya turbo unaingia kabla ya turbo. Gari ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyaga eksileta, au ukiendesha taratibu, manifodi inavuta kwa nguvu, PCV imefunguka, upepo wote unanyonywa na kwenda kuchomwa, ndani ya injini kunabaki na mvuto kidogo, na mvuto huo unasaidia gasketi kushika, hata kama imechoka kidogo haitavuja.

Kitonga sasa. Eksileta iko chini muda mrefu, gia ya pili au ya tatu, turbo inasukuma mfululizo. Kwenye manifodi hakuna mvuto tena, kuna presha. PCV inatakiwa ifunge kabisa hapo, na upepo wa ringi, ambao nao umeongezeka kwa sababu milipuko ni mikubwa, unabaki na njia moja tu ya briza. Kama mpira wa briza ni mwembamba, umejikunja, umeziba kwa uchafu, au kuna mtu aliuchomoa akachomeka bolti "ili injini isichafuke", upepo hauna pa kwenda, ni kama chungu cha maharage umekifunika na kubana mfuniko huku moto unawaka. Na kama PCV yenyewe imechoka haifungi, turbo inapuliza moja kwa moja ndani ya injini kwa kupitia humohumo.

Piga hesabu uone. Chukua kava la urefu wa sentimita 50 na upana wa 20, hiyo ni sentimita za mraba 1,000. PSI 1 tu ndani yake ni nguvu ya karibu kilo 70 inayosukuma kava kwenda juu, na PSI 1 ni ndogo mno, tairi lako lina PSI 30 hivi. Gasketi ya raba iliyokazwa kwa Nm 8 haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na oili ya moto ni nyepesi, inatafuta kona dhaifu inatoka. Mjini huoni kitu kwa sababu hakuna mahali Soweto pa kukanyaga eksileta mpaka chini kwa dakika nyingi mfululizo.

Injini za kuongezwa nguvu ndo zinaumia zaidi na sababu ziko wazi. Turbo ikiongezwa, gesi inayopita kwenye ringi inaongezeka lakini mipira ya briza inaachwa ileile ya kiwandani. Pistoni za kufoji zinaachiwa nafasi kubwa zaidi kwenye silinda kwa sababu zinatanuka sana zikipata moto, kwa hiyo zikiwa baridi zinapitisha upepo mwingi. Ringi mpya nazo zinahitaji muda wa kukaa, kabla hazijakaa injini inapumua kuliko kawaida, na fundi aliyekwambia uizungushe sailensi tu siku nzima ili "ilainike" hajakusaidia, ringi zinakaa kwa mzigo wa wastani, unapanda unaachia, unapanda unaachia.

Kuna wanaosema ni hewa nyembamba ya huku juu, Mbeya iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na Iringa karibu 1,600. Hapana. Injini inapumulia kwenye hewa hiyohiyo nyembamba, tofauti kati ya ndani na nje inabaki ileile, kwa hiyo hewa ya mlimani muache apumzike. Mlima wenyewe ndo wenye kesi.

Kabla hujanunua gasketi nyingine pima. Osha injini ikiwa imepoa, kausha, paka poda ya mtoto kwenye mstari wote wa gasketi na kwenye makutano ya kava ya taimingi, afu endesha. Poda inabaki nyeupe kila mahali isipokuwa pale oili inapoanzia, hapo utaona mstari mweusi mwembamba unaotambaa, na mara nyingi unaanzia mbali na pale inapodondokea maana upepo wa barabarani unaisambaza nyuma. Cha pili, injini ikiwa ya moto na iko sailensi, fungua kifuniko cha kuwekea oili, weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa taratibu na kung'ang'ania, mfumo unanyonya vizuri, tena injini nyingine zitayumba sailensi ukishafungua na hiyo ni dalili nzuri kwamba hakuna hewa ya wizi. Karatasi ikirushwa juu, injini inapumua vibaya. Chomoa PCV uitikise, inatakiwa igonge kama ina kete ndani, na ukipuliza kutoka upande wa manifodi isipitishe hewa.

Ila karatasi inakupa majibu ya sailensi tu. Ukitaka jibu la mlimani, unganisha geji ya presha ndogo kwenye bomba la dipstiki kwa mpira mrefu unaofika ndani ya gari, mwenzako akae nayo wewe uendeshe. Kwa sisi wa Mbeya hakuna haja ya kwenda Kitonga, barabara ya Chunya kuanzia Isanga inapanda vya kutosha. Mshale ukikaa karibu na sifuri mpaka juu, basi tatizo ni la gasketi na ufungaji. Mshale ukipanda kila unapokanyaga, achana na gasketi kwanza, shughulika na upumuaji.

Kuupa upumuaji nafasi sio kazi ya ajabu. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 unapitisha eneo mara nne ya ule wa milimita 8, kwa hiyo badilisha mipira, toa njia kwenye kila kava kama injini ina kava mbili, zote ziende kwenye kopo la kunasa oili lenye vizuizi ndani, kopo lirudishwe kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Na chungulia ndani ya kava lenyewe, kuna bati linalotenganisha oili na upepo kabla ya kufika kwenye briza. Wakati wa kuosha na kupiga rangi bati hilo huwa linatolewa na wakati mwingine halirudishwi, gari inaanza kutema oili kwenye bomba la hewa na kila mtu anailaumu turbo.

Sasa tuje kwenye ufungaji, maana nao una dhambi zake. Rangi ya kuchoma inayopakwa kwenye kava ili lipendeze ikiingia kwenye mfereji wa gasketi, gasketi haikai kwenye chuma inakaa kwenye rangi, na rangi haijanyooka. Ikwangue yote pale raba inapogusa. Upande wa hedi ufutwe gasketi na silikoni ya zamani mpaka alumini ing'ae, kwa skrepa ya plastiki, msasa wa mashine usiguse pale kwa sababu unachimba mabonde na vumbi lake linaingia kwenye oili na kula bearingi. Kava la bati liweke juu ya kioo bapa uone kama linacheza, mengi yamepinda kwenye matundu ya bolti kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, yanyooshwe kwa nyundo ndogo taratibu. La plastiki likishapinda kwa joto nunua lingine.

Bolti ndo panaponisikitisha zaidi. Ikivuja mtu anakaza, ikivuja tena anakaza, mpaka uzi wa alumini unakufa na hedi inabidi ishonwe uzi mpya. Bolti nyingi za tapeti kava zina bega, zikifika kwenye bega zimegota, hata ukaze vipi gasketi haibanwi zaidi, kinachobana ni ile raba ndogo ya chini ya kichwa cha bolti, na raba hizo zikiwa ngumu ndo zinavuja zenyewe. Badilisha raba, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa mizunguko miwili mitatu, tumia toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), ile kubwa ya tairi haiwezi kusoma namba ndogo hivyo kwa uhakika.

Silikoni ina mahali pake na ni padogo. Kwenye kona ambapo kofia ya kamshafti inakutana na hedi, kwenye makutano ya kava ya taimingi, na kwenye zile raba za nusu mwezi kama za 4G63 ya Mitsubishi, weka tone la milimita 2 au 3. Gasketi ya raba iliyobaki ifungwe kavu. Niliona kava la Subaru moja likifunguliwa hapa Mwanjelwa, silikoni ya rangi ya chungwa imejikamulia ndani kote, vipande vimening'inia, ukikigusa kimoja kinang'oka na kubaki mkononi. Kikianguka safari yake ni moja tu, sampu, kwenye chujio la pampu, na chujio likiziba oili haifiki kwenye bearingi. Injini ya kuongezwa nguvu inakufa hapo kwa sababu ya kuzuia matone. Na ile silikoni ya madirisha inayonuka siki usiitumie kabisa, haikutengenezwa kukaa kwenye oili ya moto. Ya injini yenyewe iache saa 24 ikauke, nyuso zote ziwe hazina oili, sio unafunga saa nane saa tisa uko barabarani.

Wenye Subaru za EJ20 mna jambo lenu la ziada, silinda zimelala kwa hiyo tapeti kava ziko ubavuni na oili inatuama upande wa chini wa kava, ekzosi ipo hapo chini, ndo maana harufu yenu inakuja mapema kuliko ya mwenye 1JZ ya Toyota, ambayo silinda zake zimesimama. Na popote plagi zinapopita katikati ya kava badilisha na sili za mashimo ya plagi, oili ikijaa mle gari inaanza kumisi na koili zinaharibika.

La mwisho ni baridi. Juni na Julai asubuhi, safari fupi za mjini haziipi oili joto la kutosha kukausha mvuke wa maji, unajikusanya kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, ndani ya mipira ya briza na kwenye kopo. Ute huo unaweza kuziba mpira mwembamba hata kwenye injini nzima, kwa hiyo miezi hiyo kopo limwagwe kila wiki na injini ipate safari ndefu ya moto mara kwa mara. Ukikuta maji meupe kwenye kopo ni baridi hiyo, ila angalia na maji ya rejeta, yakiwa yanapungua ni gasketi ya hedi. Ukikuta limejaa oili nyeusi kila baada ya safari moja, mipira ni mikubwa na PCV ni nzima, basi pima kompresheni na kuvuja kwa silinda, ringi hazijakaa au silinda imechimbika na injini inabidi ifunguliwe.