Kisima cha matambiko huanza kuchimbwa pembeni

Sisi wanaakiolojia tukiitwa kukagua kisima cha matambiko kabla greda halijapita, mkandarasi hutarajia tushuke kisimani moja kwa moja. Mimi huanza na tuta la udongo linalokizunguka.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Kiangazi kikikaza maji huzama, na wanakijiji hushuka kuzoa tope ili yapatikane. Kazi hiyo imerithiwa vizazi na vizazi, kwa hiyo ndani ya kisima mara nyingi utakuta tope la juzi na vizibo vya soda. Vya kale viko kwenye tuta, tena vimekaa miguu juu kichwa chini: tope la chini kabisa ndilo linalotupwa mwisho, likawa juu. Kigae cha chungu cha zamani kinaweza kulalia mfuko wa plastiki! Ndiyo maana tunalikata tuta toka juu mpaka tufike kwenye ardhi iliyokuwepo kabla halijaanza kurundikwa. Udongo ule uliofunikwa haujavurugwa, na mkaa ukipatikana humo unaweza kupimwa umri kwa kaboni 14.

Tunashuka kwa mwiko wa mwashi, sentimita kumi kumi. Tope halichekecheki likiwa bichi, inabidi lioshwe kwenye chekeche, na maji ya kuoshea tunaleta kwa boza. Mzee mmoja alishatuonya: “Wanangu, maji haya hayataki sabuni wala sufuria yenye masizi.” Mti au kibuyu kilichozama kwenye tope lisilopitisha hewa hudumu muda mrefu, lakini kikianikwa jua la Dodoma hupasuka upesi. Hufungwa kikiwa bado kimelowa.

Shanga ndizo zinazowapa watu haraka ya kusema “tambiko hilo”. Taratibu. Karne ya 19 misafara ya pwani kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, na watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, maji yakiwa sehemu ya mapatano. Ushanga mmoja wa kioo huenda ulidondoka tu shingoni mwa mpagazi. Zikikutwa nyingi pamoja na kauri za baharini, mahali pamoja, hapo tunaweza kuanza kuzungumza.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo na miundo mingine ya kabla ya 1886. Shimo lenye maji ambapo watu bado wanaomba mvua kwa kondoo mweusi linaponyoka kirahisi hapo katikati. Kwa hiyo maelezo ya wazee nayaandika kama ushahidi kamili kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, si kama kiambatisho cha nyuma ambacho hakuna anayekifungua. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2006, na matambiko yanayoendelea huko yalihesabiwa.

Wahandisi wengi ni waelewa. Watakwambia wamesogeza barabara, kisima kimepona. Lakini maji haya hutoka kwenye mwamba uliolika huko juu mlimani, na ukikata mlima kisima hukauka bila kuguswa. Siku hizi, kabla sijauliza barabara inapita wapi, naomba mchoro wa mahali mlima utakapokatwa, na mahali kitakapochimbwa kisima kirefu cha maji ya ujenzi.