Je, wajua kerneli humtambuaje aliyekosea?

Kijana mmoja ninayemfundisha kompyuta hapa Mwanga, Kigoma, aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini programu ikikosea mara nyingine inajifunga yenyewe tu, na siku nyingine mashine nzima inaganda?" Sababu ziko nyingi, lakini hukumu ya kwanza kabisa hutolewa kwa kusoma biti mbili, yaani tarakimu mbili za 0 au 1.

Prosesa za ukoo wa Intel zina ngazi nne za mamlaka, 0 hadi 3. Mfumo endeshi wa Linux hutumia mbili: kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hukaa ngazi ya 0, na programu zetu za kawaida ngazi ya 3. Kosa likitokea, prosesa huhifadhi hali ilivyokuwa na kuikabidhi kerneli kazi. Kerneli nayo hujiuliza: nani alikuwa akiendeshwa? Ikiwa ni programu, huuawa hiyo peke yake. Ikiwa ni kerneli yenyewe, mashine nzima yaweza kusimama.

Ngazi husomwa kwenye biti mbili za mwisho za CS, mojawapo ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa. Zamani wataalamu waliandika kipimo chepesi: kama si sifuri, ni programu. Kisha ikaja Xen, inayoendesha mifumo kadhaa ndani ya kompyuta moja. Kwenye mashine za biti 32 iliisogeza kerneli hadi ngazi ya 1, na kipimo kile kikawa kinaiita kerneli programu.

Mtego wa pili ndio ninaoupenda kuufundisha. Prosesa ya 80386, ya mwaka 1985, ilileta hali ya kuiga prosesa ya zamani ya 8086 ili programu za DOS, mfumo endeshi wa enzi hizo, ziendelee kutumika. Katika hali hiyo CS haibebi ngazi. Ni sehemu ya anwani ya kumbukumbu tu. Chukua lango la bandari: mkuu wa zamu ana beji namba 10, akaja mchuuzi na risiti ya magunia 10 ya dagaa. Mlinzi anayetazama namba pekee atampigia saluti mchuuzi. Vivyo hivyo programu ya DOS yaweza kuwa na sifuri pale mwisho, ikasomeka kama kerneli. Ukweli uko kwingine: biti ya 17 ya rejista ya EFLAGS, ambayo huwa 1 katika hali hiyo.

Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na vipimo viwili. "user_mode_vm" kiliitazama biti hiyo, "user_mode" hakikuitazama. Jina fupi, ambalo mwandishi yeyote angelikimbilia, ndilo lililokuwa na hatari, na hilo kwangu ni kosa la kutaja majina kabla halijawa kosa la hesabu. Mwaka 2015 Andy Lutomirski, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, aliongoza usafi: "user_mode" kikafanywa kitazame yote, na "user_mode_vm" kikaondolewa.

Kipimo kilichobaki kwa biti 32 huunganisha biti mbili za CS na ile ya EFLAGS, kisha huuliza mara moja tu: je, jumla inafika 3? Ikifika, ni programu. Nilimpa kijana kalamu. Kerneli ya kawaida, 0. Ya Xen, 1. Programu, 3. Ya DOS ilimchukua muda, akizidisha mbili kwa mbili pembezoni mwa daftari, mpaka akaniletea 131072.